Kisima cha Habaswein Ndani ya Boksi

Rukiyo Sugow alikuwa na studio ya picha karibu na soko la Garissa: chumba kimoja chenye pazia la bluu, na nyuma yake kijichumba cha giza cha kuoshea filamu. Watu walimjia kwa picha za vitambulisho na za harusi. Hawakujua kwamba tangu mwaka wa tisini na tano uanze, akili yake yote ilikuwa kwenye kofia.

Alikuwa ameisoma habari ya kofia hiyo katika jarida kuukuu aliloachiwa na dereva wa lori. Ng'ambo, wataalamu walikuwa wamebuni kofia yenye viwambo viwili vidogo. Ukiivaa, unajiona umesimama mahali ambapo hupo. Bei yake ingemaliza zizi zima la ngamia. Lakini sentensi moja ilimganda kichwani: kila jicho huonyeshwa picha yake, na ubongo huziunganisha zikawa mahali pamoja.

"Picha mbili tu?" alijiuliza kwa sauti. "Na mimi kazi yangu ni nini?"

Sababu ya kuhangaika hivyo alikuwa Weris, dada wa baba yake, aliyemlea. Alimwita eeddo, yaani shangazi, naye Weris alimwita eeddo vilevile, kama desturi yao ilivyo. Mwaka uliotangulia Weris alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo hakutoka uani. Hakulalamika. Ila kila asubuhi aliuliza kama mvua imenyesha Habaswein, kwenye visima alikonyweshea ngamia wa baba yake akiwa msichana.

Rukiyo alianza na alichokuwa nacho. Alinunua sokoni miwani mizito ya wazee, akaing'oa lenzi zake. Alikata boksi la majani ya chai, akaunda sanduku lenye urefu wa shibiri moja, na katikati akasimamisha ukuta wa kadibodi ili jicho moja lisichungulie upande wa mwenzake, na mbele akapachika lenzi moja kwa kila jicho. Kisha akapiga picha ya ua wao, akaisogeza kamera kidogo kando, akapiga nyingine.

Alizisafisha, akazisimamisha mwishoni mwa sanduku, kila moja upande wake, akachungulia. Birika lilikuwa limesimama mbele, ukuta uko nyuma, na katikati yake kulikuwa na hewa! Lakini mbuzi wa nyumbani alikuwa ameharibu kila kitu. Alikuwa amegeuza kichwa kati ya picha ya kwanza na ya pili, na sasa alionekana kama mzimu wa mbuzi wawili. Kumtazama kulitia kizunguzungu.

Rukiyo akaelewa. Ngamia kisimani hawatasimama wakimsubiri. Alihitaji kamera mbili, zibonyezwe kwa pamoja.

Kamera kama yake alikuwa nayo mtu mmoja tu mjini: Shuaib, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara, mshindani wake wa miaka sita.

"Kamera mbili kwa picha moja?" Shuaib alicheka hadi akashika mlango. "Rukiyo, jua limekupiga."

"Huenda. Utaniazima?"

Shuaib alimtazama, kicheko kikamwisha. "Ya nani picha yenyewe?"

"Ya eeddo Weris. Nataka kumpeleka Habaswein."

Shuaib aliingia ndani akaitoa kamera yake. Aliifuta kamera kwa kitambaa, akampa. "Isiingie mchanga," alisema.

Rukiyo alizifunga kamera hizo wima juu ya kipande cha ubao, zikaegemeana kama ndugu, akapanda lori la Wajir lipitalo Habaswein. Visimani alimkuta mzee Ogle, aliyechunga pamoja na Weris utotoni. Aliposikia habari, mzee huyo alijifunga shuka vizuri, akashuka kisimani mwenyewe ingawa vijana wa kuteka maji walikuwepo. Rukiyo hakupiga ovyo. Alisubiri ngamia wainamishe shingo, ndoo ipande ikimwagika, na Ogle ainue uso. Akabonyeza kwa vidole viwili, mlio ukawa mmoja.

Siku tatu baadaye, Weris aliketi kwenye mkeka uani, jua la asubuhi likiangaza picha. Rukiyo alimshikia sanduku machoni.

Mwanzo Weris alisogeza kichwa huku na huku, akitafuta. Rukiyo alianza kuogopa. Kisha mkono wa Weris ukainuka taratibu, ukanyooshwa mbele ya sanduku, ukapapasa hewa mahali ambapo shingo ya ngamia ilipaswa kuwa.

"Subhanallah," alinong'ona. "Yuko hapa." Akainamisha kichwa kana kwamba anachungulia kisimani, halafu akapaza sauti: "Ogle! Mbona umezeeka hivyo? Na kamba unaishika vibaya, kama zamani!"

Akacheka, huku machozi yakipita chini ya sanduku na kulowesha kadibodi. Hakukubali kulitoa usoni hadi shingo ilipochoka.

Jioni ile Weris aliwaita majirani mmoja mmoja. Aliwaonyesha kisima, kisha akawaonyesha Rukiyo. "Huyu nimemlea mimi," alisema kwa kila aliyeingia. "Hakungoja Wazungu wamletee."

Shuaib alikuja kuchukua kamera yake, naye akachungulia. Alikaa muda mrefu, na alipoinua uso hakuwa na mzaha hata chembe. "Miaka kumi napiga picha," alisema. "Sijawahi kuingia ndani ya hata moja. Utanifundisha?"

Rukiyo alilipokea sanduku. Alijikaza asitabasamu mno, akashindwa.

"Tafuta boksi," alimwambia. "Miwani ninayo."