Jani Lililotumwa Peke Yake

Mtu mwenye siri hachoshwi na kazi, huchoshwa na macho ya watu. Siku ile Mwalimu Anansia alikuwa ameshinda chini ya macho ya mumewe, Ndekirwa, aliyekaa barazani nusu ya mwili ikiwa imepooza kwa kiharusi, akimshukuru kwa kila kikombe cha chai. Kila asante ilimchoma. Alikuwa amemdanganya mzee wa watu kwamba kesho anakwenda Arusha kumuuguza dada yake, kumbe kesho alikuwa anapanda Kibo na wastaafu wenzake. Ndio mlima aliowachorea wanafunzi ubaoni miaka yote ya ualimu bila kuukanyaga, na ndio mlima ambao yeye na Ndekirwa waliahidiana, tangu ujana wao, kwamba wakistaafu wataupanda pamoja.

Dawa ya kosa hilo alikwisha kuiandaa. Alikata jani la sale kwenye ua wa shamba lao la migomba. Kwa Wachaga, ukimpelekea uliyemkosea jani hilo, hana budi akusamehe, hata kama moyo wake umegoma. Angeliacha juu ya mto anapolaza kichwa mzee, kisha aondoke alfajiri kabla hajaamka, na mengine angeyasikia kwa majirani. Alasiri akajinyoosha kidogo kitandani, jani likiwa mfukoni mwa gauni, na usingizi ukamchukua.

Akajiona kwenye nchi ya miteremko, ukungu umelala chini na jua limesimama juu, na mbele yake mlima mkubwa kuliko wowote aliowahi kuuchora. Kijana nadhifu, viatu vyake havina hata chembe ya vumbi, akaja akimkimbilia.

"Shikamoo, mwalimu. Naitwa Udhuru. Lete mzigo."

"Marahaba. Unaijua njia?"

"Njia yangu haina kona, mama. Umemlisha, umemwogesha, umemgeuza kitandani. Nani atakulaumu ukijipa siku chache? Magoti yenyewe hayakungoji." Akaubeba mzigo kana kwamba ni kitenge kilichokunjwa, na maneno yake yakawa matamu hivi kwamba Anansia hakuhisi hata mwinuko. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na kweli mara wakawa wamepita msitu, wamepita nyasi, wamefika kwenye mawe matupu. Lakini jambo moja lilimsumbua. Mahali pale palipaswa kunuka baridi na mawe, ila yeye alinusa dawa ya kuchua, ileile anayompaka Ndekirwa mgongoni kila jioni. Akajifuta mikono kwenye gauni, akajifuta tena, harufu haikutoka, na aibu ikamshika.

Chini ya kilele palikuwa na banda. Mlangoni ameketi mzee mmoja, amefungwa mikono, miguu na shingo kwa majani ya sale, mengine mabichi, mengine yamekauka hata yanamkata ngozi. Wapandaji walikuwa wanapita, kila mmoja anamtupia jani lake, anasonga mbele bila kumtazama usoni. Kando yake mwanamke mwenye miguu peku alikuwa anajaribu kuyafungua mafundo kwa meno.

"Huyu ni nani, na kakosa nini?" aliuliza Anansia.

"Ni Msamaha," alijibu yule mwanamke. "Hajakosa kitu. Mimi ni Kweli, mkewe."

"Twende, mwalimu," alihimiza Udhuru. "Mtupie lako, tuwahi kilele."

Anansia akatia mkono mfukoni. Na kabla hajalitoa jani lile, mzee mwenyewe alikwisha kuinyoosha mikono yake afungwe, kwa mazoea, bila kulalamika. Hapo Anansia alitamani ardhi immeze.

"Lakini si ndiyo mila yetu?" alisema. "Jani halikataliwi."

"Halikataliwi," alisema Kweli. "Ndiyo maana wazee walilipeleka wenyewe, wakasimama mbele ya mtu, wakataja kosa kwa mdomo wao. Wewe unalituma jani peke yake. Unataka asamehe asichokijua, tena wakati wewe hupo kuona machozi yake. Hiyo si radhi, mwanangu, hiyo ni kamba."

Anansia akageuka kumtafuta Udhuru amtetee. Hakumwona. Mzigo wake ulikuwa umeachwa juu ya mawe, na alipoujaribu haukunyanyuka.

Akaamka jua likiwa bado kwenye migomba. Alielewa, na kuelewa huko hakukumpa raha yoyote. Akalitoa jani mfukoni, akaliacha kitandani, akatoka barazani mikono mitupu.

"Baba Manka, siendi Arusha. Dada haumwi. Kesho nilikuwa napanda Kibo. Nimekudanganya."

Ndekirwa alikiweka chini kikombe cha chai. "Mlima wetu?"

"Ndio huo."

"Na jani hukuleta?"

"Nikileta hutaweza kukataa."

Mzee akauangalia mkono wake uliolala pajani, macho yamemlowa. "Basi leo nakataa, Mama Manka," alisema.

"Haya," aliitikia Anansia, akavuta kigoda, akaketi mbele yake mahali anapoweza kumwona.