Karantini ya Samaki wa Mkwe

Mkwe wangu alipoleta samaki, sikumkataa. Hilo nataka lieleweke mapema, maana wifi yangu amezunguka akisema nilimpokea kijana wa watu kama askari wa mpakani. Nilimpokea vizuri. Nilimpa kiti na maji ya kunywa, nikaupokea ule mfuko wa plastiki aliokuwa ameukumbatia njia nzima, nikamtazama samaki aliyekuwemo. Mdogo kama kiganja cha mtoto, manjano tupu, macho yakizunguka kukagua nyumba. Nikasema asante sana. Halafu nikasema samaki huyu haingii kwenye tangi la sebuleni kabla ya wiki sita.

"Wiki sita, mama?" binti yangu akauliza. Ndoa yao ilikuwa na miezi minne, na samaki huyo ndiye zawadi ya kwanza ya mumewe kwangu.

"Sita. Na akionyesha doa moja, nahesabu upya."

Wifi, dada wa marehemu mume wangu, ambaye anaishi nyumba ya pili lakini anakula kwangu kuliko anavyokula kwake, akacheka. "Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Wenyeji wangu hawaumwi," nikamjibu. "Hawana cha kupona."

Sebuleni kwangu kuna tangi la maji ya chumvi, lita mia nne, ambalo mimi na marehemu tulilijenga kwa mikono yetu miaka kumi na mmoja iliyopita. Kuna samaki watano. Wanne ni wazuri tu. Wa tano ni Bi Mkubwa, wa bluu iliyokolea, mkia wa njano, tuliyemleta akiwa sawa na kifuniko cha chupa na sasa anazidi urefu wa kiganja changu. Marehemu alikuwa anamsalimia yeye asubuhi kabla ya kunisalimia mimi, na tuligombana kwa hilo zaidi ya mara moja. Alipofariki nikaanza kumsalimia mimi. Nikimpoteza yule samaki sijui nyumba hii nitaamka nimwambie nani neno la kwanza. Nasema wazi, na anayetaka kucheka acheke.

Kwa hiyo sibahatishi. Mimi ni fundi wa mafriji miaka thelathini, watu wananiita Fundi Baridi, na kazi yangu imenifundisha kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na ni rahisi pia. Binti yangu aliponipigia simu wiki moja kabla kuniambia kuna zawadi inakuja, nilianza siku ileile. Nilitoa tangi dogo la lita themanini stoo, nikalisugua, nikaliweka kwenye meza ya chumba cha vifaa, mbali na sebule. Sikutia mchanga wala jiwe, kwa sababu vitu hivyo vinakunywa dawa na kukuachia samaki mgonjwa. Kioo kitupu tu, vipande viwili vya bomba la plastiki ili mgeni apate pa kujificha, hita, na pampu ya hewa. Nilikoroga maji ya chumvi nikayaacha yazunguke hadi kesho yake, nikapima chumvi mara tatu.

Siku ile nilimpeleka mkwe akaone, binti yangu na wifi wakifuata nyuma. Sikosi raha ya kuonyesha kazi yangu, ni ugonjwa nilio nao.

"Wavu wake huu, ndoo yake hii, taulo lake lile," nikamwambia. "Vyote nimevifunga utepe mwekundu. Kitu chenye utepe mwekundu hakivuki mlango huu kwenda sebuleni hata nyumba ikiungua. Mikono unaosha hadi kiwiko. Na hii hapa," nikamwonyesha sponji iliyokuwa ikitoa mapovu pembeni, "hii ndiyo roho ya tangi. Ndani yake kuna bakteria wazuri wanaokula uchafu wa samaki. Ukiweka sponji mpya, mgeni wako atakufa kwa mkojo wake mwenyewe ndani ya siku tatu."

Mkwe wangu ni mtu wa maabara ya hospitali. Kazi yake ni kuinamia hadubini kutwa akitafuta vijidudu kwenye damu za watu, ndiyo maana nilikuwa namwita Bwana Hadubini, kwanza nyuma ya mgongo wake na baadaye hata mbele yake. Mrefu, mpole, anaongea kama anayeomba ruhusa.

"Sponji imetoka wapi, mama?"

"Tangi kubwa. Siku zote nina sponji ya akiba inakaa nyuma ya tangi kubwa. Imeiva, imejaa uhai. Hakuna maji safi kuliko yale."

Akafungua mdomo, akaufunga. Nikajua amekoshwa.

"Huyu nimekaa naye wiki kumi, mama," akasema baadaye, tukiwa tunaongeza maji kwenye mfuko kikombe kimoja kimoja ili samaki azoee. "Peke yake kwenye tangi. Hajapata hata doa."

"Vizuri," nikasema. Liliingia sikio hili likatokea lile. Sijaona mtu analeta samaki akasema, chukua, lakini ni mgonjwa.

Siku nane mgeni alikula kama aliyelipiwa. Siku ya tisa asubuhi nikamkuta na chembe tatu nyeupe kwenye pezi, kama amenyunyiziwa chumvi. Jioni zilikuwa kumi na tano.

Nisidanganye, nilihuzunika, lakini huzuni ile ilikuwa na utamu wake. Nilimpigia wifi kabla hata sijanawa mikono. "Nilisema au sikusema? Leo hii Bi Mkubwa angekuwa wapi?" Wifi akasema mdomo wangu una unabii, na kabla ya saa sita mchana wa kesho yake mtaa wote ulijua kwamba mkwe wa Fundi Baridi amemletea mama mkwe wake ugonjwa ndani ya mfuko. Jumapili walipokuja kula nikalirudia mezani, yeye akiwa amekaa mbele yangu na kijiko mkononi.

"Wiki kumi hazina doa, eh, Bwana Hadubini? Labda ile hadubini yenu inahitaji kufutwa vumbi."

Wifi alicheka hadi akakohoa. Binti yangu hakucheka. Mkwe akaweka kijiko chini taratibu. "Pole, mama," akasema. "Tutamtibu."

Nikaanza dawa ya shaba, kidogo kidogo, nikipima asubuhi na jioni, na madoa yakaanza kupungua.

Jumatano nikaitwa duka la dawa. Mfamasia alikuwa amewaka. Alikuwa amenunua friji jipya la kuhifadhia chanjo, halijamaliza wiki mbili, kompresa imeungua. "Wameniuzia kopo," akasema. "Lile la zamani lilikaa hapohapo miaka saba bila kulalamika."

Nikavuta friji, nikatoa kipimo cha umeme, nikakichomeka kwenye soketi ya ukutani. Umeme ulikuwa unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa.

"Mashine mpya ikifa ndani ya wiki mbili," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kufundisha, "usianze na mashine. Anza na ukuta. Lile la zamani lilikuwa limeshauzoea huu umeme mbaya, linaugulia ndani kwa ndani. Hili limetoka kiwandani zima, likakutana na ukuta wako mgonjwa, likaanguka."

"Kumbe," akasema.

Nami nikasimama pale, kipimo mkononi. Mfamasia akaniuliza kama naumwa.

Mgeni alikuwa peke yake wiki kumi bila doa. Kwangu alikuta kioo kilichosuguliwa, maji mapya, hita mpya, bomba jipya. Kitu kimoja tu hakikuwa kipya. Nilikuwa nimekitoa kwa mkono wangu kwenye tangi la sebuleni, nikakitundika kwenye maji yake, nikakiita roho ya tangi.

Nilimbadilishia mfamasia soketi, maana kazi ni kazi, kisha nikarudi nyumbani moja kwa moja, nikavuta stuli mbele ya tangi kubwa na kukaa. Sikumsalimia Bi Mkubwa. Nilimtazama tu, kama ninavyotazama mashine ya mtu mwingine. Baada ya dakika kumi akajipinda na kujisugua ubavu kwenye jiwe. Baada ya nyingine tano, tena. Mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu, mwone anavyocheza. Shavu la kushoto lilikuwa linapumua harakaharaka, la kulia limetulia. Hakuwa na doa hata moja mwilini, kwa sababu samaki mwenye nguvu anaweza kukaa na ugonjwa kwenye mashavu miaka na usiuone.

Na nilijua umeingiaje. Mwaka uliopita rafiki yangu mmoja mwenye tangi alinipa kipande cha jiwe chenye maua mazuri ya baharini, nikakitia ndani siku ileile bila hata kunawa. Nilijiambia jiwe si samaki. Utepe mwekundu kila mahali, taulo la mgeni, ndoo ya mgeni, vyote kuwalinda wangu dhidi yake. Wazo la kumlinda yeye dhidi ya wangu halikunipitia akilini hata dakika moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekivaa mwaka mzima na kutembea nacho kifua mbele.

Nilimpigia mkwe akiwa kazini.

"Samaki wako alikuja mzima," nikasema. "Ugonjwa ni wa kwangu. Umepita kwenye sponji."

Nikasikia mashine za maabara zikinguruma nyuma yake.

"Ulijua," nikasema.

"Nilihisi, mama. Tangu siku ile uliyoniambia sponji imetoka wapi. Yule wa bluu alijikuna mara mbili nikiwa nimekaa sebuleni."

"Na ulikaa kimya mimi nikikusema mezani, mbele ya mkeo?"

"Ningesema, mama, ungenisikia?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari.

"Nisingekusikia," nikasema. "Ningekuona huna adabu. Lakini sasa nisikilize wewe. Njoo ukitoka kazini, kazi ipo, na mikono yangu miwili haitoshi."

Sikuwa na hofu ya kazi yenyewe, kazi naiweza. Nilitoa karakana pipa pana la plastiki la lita mia mbili na hamsini, nikaliweka stoo, nikaunganisha pampu mbili na hita mbili, nikakoroga maji. Mkwe alipofika tulianza kuwatoa samaki kwenye tangi kubwa. Ilibidi tutoe nusu ya mawe, na Bi Mkubwa alitupa kazi ya saa nzima. Mkwe alilowa hadi kifuani. Tangi la sebuleni litakaa bila samaki wiki kumi na moja, ili vijidudu vikose wa kumshika na kufa njaa. Samaki wote watakaa kwenye shaba mwezi mzima. Ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo ilivyofanyika.

Ila Bi Mkubwa aligoma kula. Siku ya kwanza nikasema ni hasira. Siku ya tatu akalala ubavu kwenye kona ya pipa, rangi imemtoka, akawa kijivu. Hapo niliogopa, na nikalia, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya stoo kama mtoto. Mkwe alikuwa anapita kila asubuhi kabla ya kazi. Alinikuta hivyo. Hakujifanya hajaona wala hakuniambia ninyamaze. Alipima shaba, akasema tumeipandisha haraka mno, akabadilisha maji kidogo. Kisha akasugua kitunguu saumu kilichopondwa kwenye kipande cha mwani, akakifunga kwenye bomba, tukakaa wawili kwenye sakafu tukimsubiri. Hakugusa. Mkwe akafanya hivyohivyo kesho yake. Siku ya tano Bi Mkubwa akasogea, akaunusa, akang'ata kona moja.

"Amekula," mkwe akasema, kwa sauti ya chini.

"Nimeona," nikasema.

Wifi alikuwa amesafiri siku zote hizo. Alirudi Jumapili, akaingia bila hodi kama kawaida yake, akasimama mbele ya tangi la sebuleni. Taa inawaka, mawe yapo, samaki hakuna. Akashika kichwa.

"Mungu wangu. Kasamaki ka mkwe kamewamaliza wote?"

Binti yangu akatazama sakafu. Mkwe alikuwa mlangoni mwa stoo, mikono ya shati imekunjwa, chupa ya kipimo mkononi. Akainamia chupa yake na kuitikisa, akihesabu matone. Nikamwona anavyojiandaa kukaa kimya tena.

"Wifi, kaa chini," nikasema.

Akakaa.

"Hawajafa. Wako kwenye dawa. Ugonjwa ulikuwa kwangu, kwenye tangi hili unaloliona. Samaki wa huyu kijana alikuja mzima, mimi ndiye niliyemwambukiza, kisha nikamtangaza yeye. Wewe ndiye wa kwanza niliyekuambia. Sasa kila uliyemfikishia, nenda ukamfikishie na hili."

Wifi akanitazama, akamtazama mkwe, akanirudia. "Kila mmoja?"

"Kila mmoja. Na ukifika, taja jina langu kwanza."

Akafungua vidole, akaanza kuwahesabu, akamaliza mkono wa kwanza na kuingia wa pili. Mkwe alikuwa ameacha kutikisa chupa. Matone alishayasahau, ikabidi apime upya.