Masikio ya Mkuu wa Elimu

Jumanne moja mchana, wiki yake ya tatu kazini, Lorna Vavra, mkuu mpya wa elimu wa wilaya ya Ostrander, Nebraska, alikuwa anakula mchuzi wa maharage na nyama kwa mkate wa mdalasini, chakula cha shule zote za huko, alipogundua kwamba hereni zake zinagusa mabega.

"Masikio yameanza kukua," alisema Merle Tietjen huku akitafuna. Merle alikuwa mkuu mstaafu wa wilaya hiyo hiyo, aliyepewa na jimbo kazi ya kumlea Lorna kikazi mwaka mzima. "Siku tisini za kwanza mkuu hasemi, anasikiliza. Yangu mie yalifika mfuko wa shati. Usihangaike, binti, hurudi yenyewe."

"Lini?"

"Bodi ikishapiga kura."

Basi Lorna akasikiliza. Akasikiliza wapishi, makocha, na wazee wenye malalamiko ya mwaka arobaini na saba. Mwezi wa pili masikio yalikuwa mapana kama sinia. Karani wake akamshonea kofia, ikapasuka, akashona nyingine.

Na jamani, alisikia! Kila asubuhi saa moja na dakika kumi, akiwa mezani kwake, alisikia jozi tisa za viatu zikikimbia kuvuka barabara kuu, maili nne kutoka hapo, na malori ya ng'ombe yakipiga honi.

Walikuwa watoto wa wakata nyama wa kiwandani, waliokaa kwenye nyumba za magurudumu. Basi la shule liliwasubiri ng'ambo, kwa sababu njia ya kuingia kwao ilipita langoni kwa Duane Kreutz, mwenyekiti wa bodi, naye Duane hakutaka basi limchimbie changarawe yake.

"Kumbe ulijua?" Lorna alimuuliza Merle.

"Nilisikia viatu vya kaka zao. Nikaiambia bodi. Kura tatu kwa nne." Merle aliinamia kahawa yake. "Kesho yake kofia yangu ya zamani ikanikaa. Nikashukuru, Mungu anisamehe."

Siku ya tisini Lorna alisoma ripoti. Wajumbe walisogeza viti kuyapisha masikio. Aliomba jambo moja tu: basi lipite langoni kabla barafu haijashika barabara.

"Mama Vavra," alisema Duane, "hakuna mkuu aliyewahi kutusikiliza namna hii. Nimefurahi kwelikweli."

Kura zikapigwa: wawili wakakubali, watano wakakataa. Kisha wote saba wakamwongezea mkataba, kwa makofi.

Asubuhi Merle akapiga simu. "Yamepungua?"

"Hata inchi."

"Mh! Hilo halimo kwenye mwongozo."

Lorna akavaa kizibao cha rangi ya chungwa, akaenda kusimama katikati ya barabara kuu. Madereva waliyaona masikio kutoka mbali, wakakanyaga breki. Watoto tisa wakavuka wakitembea, kwa mara ya kwanza.

"Mama, unaweza kuruka nayo?" aliuliza mmoja.

"Upepo ukiwa mzuri. Haya, twende, twende!"

Merle alifika na kahawa mbili. Kwenye fomu ya jimbo ya kuhesabu muda wa kumlea Lorna akaandika: muda wa saa moja, mafunzo kwa vitendo.

Duane naye alisimamisha gari lake kama madereva wengine, akasubiri kwa adabu hadi mtoto wa mwisho alipopanda basi. Akatoa kichwa dirishani.

"Unaona sasa?" alisema akicheka. "Nilijua tutapata njia."