Jino Bila Ganzi

Mimi Shamsudin ni mkusanyaji wa santuri, na mkusanyaji hana aibu. Akiwa nayo, rafu zake zitabaki tupu. Dukani kwangu Mwanjelwa nauza spika, lakini chumba cha nyuma kimejaa santuri za panki, ule muziki wa vijana wa Ulaya wenye hasira, gitaa chafu na mwimbaji anayepiga kelele kama kaibiwa. Niliupenda uzeeni, baada ya mhandisi mmoja Mjerumani kuhama na kuniachia boksi zima.

Mwaka jana nikaokota sokoni santuri iliyomeguka pembeni, ya Misumari Minne. Nilicheka. Bendi hiyo ya mafundi mbao wa Mafinga niliizika mwenyewe mwaka 1987, nilipokuwa mshereheshaji wa mashindano ya bendi hapa Mbeya. Walipomaliza wimbo wa kwanza nilichukua kipaza sauti nikasema: "Ndugu zangu, huyu dada haimbi. Anang'olewa jino bila ganzi, na anayeng'oa ndiye mpiga gitaa!" Nikashika shavu, nikapiga ukelele wake. Ukumbi mzima ulilia kwa kicheko. Wimbo wa pili hawakuupiga, na sikusikia tena kwamba wamepanda jukwaani.

Ile santuri nikaisafisha, nikaiweka kwenye gramafoni. Palipopona ni dakika moja na nusu ya mwisho. Nikakaa chini. Yule dada alikuwa panki kabla mimi sijalijua hilo neno, tena aliwapita wote waliomo chumbani kwangu. Nikaitaka iliyo nzima, wala si kwa ajili ya kumwomba mtu radhi.

Nikaulizia, nikaambiwa nzima imebaki moja, anayo mwimbaji mwenyewe, Tusajigwe. Nikaenda Mafinga.

Tusajigwe sasa ana karakana ya milango na vitanda, na mafundi sita wanaomwita Mama Bupe kwa adabu. Mumewe Joachim, yule yule mpiga gitaa, alikuwa anapiga msasa mlango. Binti yao Bupe alinipa shikamoo na kigoda.

"Nakujua," Tusajigwe akasema kabla sijajitambulisha. "Sauti hiyo haijazeeka, mzee."

Nikamwambia nilichofuata, na kwamba nitalipa bei yoyote.

"Hela yako kaa nayo. Santuri nitakupa. Ila kwanza useme ulichosema siku ile, hapa, mbele ya mwanangu na mafundi wangu. Hawa wanadhani niliacha muziki kwa kupenda. Nataka wasikie nilivyofanywa."

Akazima mashine ya kupasulia mbao. Mafundi wakasogea. Nilielewa anachotaka: niseme kwa kigugumizi, macho chini, watu wauone ubaya wa yale maneno. Karibu miaka arobaini alikuwa anaisubiri dakika hiyo. Nami nilianza hivyo hivyo, wallahi, kwa sauti ya chini.

Lakini "ndugu zangu" ilipotoka tu, nikasikia kimya kile. Mshereheshaji anakijua, ni kimya cha watu walio tayari kucheka. Mwili ukakumbuka wenyewe. Nikanyamaza kidogo pale pa kunyamaza, nikaling'oa lile jino, nikashika shavu, nikapiga ukelele hadi kuku wakakimbia.

Fundi mmoja akaanguka kwenye maranda. Bupe alijaribu kujizuia kwa khanga, akashindwa. "Jamani mama! Ndo ulikuwa unaimba hivyo?"

Tusajigwe hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe, ambaye mabega yake yalikuwa yanatikisika na msasa umemdondoka.

"Na wewe, Joachim?"

"Nisamehe, mke wangu," akasema huku anafuta machozi. "Lakini huyu mzee anajua, bwana."

Tusajigwe akaingia ndani. Alipotoka alinikabidhi santuri kwa mikono miwili kama alivyoahidi. Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nyuma yake fundi mwingine alikuwa ameshika shavu, anaujaribu ule ukelele. Niliona aibu, ndiyo. Furaha ilikuwa kubwa zaidi. Nikamwuliza Tusajigwe kama jalada la santuri bado lipo.