Ufunguo wa Morris ya Ndeti

Morris Minor ya Ndeti ilifungwa na wokovu. Nasema hivyo kwa heshima, maana hata mimi nimeokoka, lakini sijawahi kuchoma ufunguo wa mtu.

Ilikuwa Kibwezi, mwaka wa sabini na tisa. Mhubiri wa krusedi aliwaambia akina mama waende nyumbani walete kila kitu cha shetani, kichomwe hadharani. Wengine walileta hirizi za watoto, wengine vibuyu vya waganga. Nzilani, mke wa Ndeti, tunayepakana naye kwa ua wa michongoma, hakuwa na hirizi wala kibuyu, na kwenda mikono mitupu aliona ni aibu. Akauchukua ufunguo wa gari la mumewe, kwa sababu ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu kwenye ncha ya pembe ya paa, yule swala mdogo, na machoni pake ulifanana na kitu cha mganga. Moto ulipozima, pembe ilikuwa majivu na ufunguo umejikunja kama tangawizi.

Ndeti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuweka ule ufunguo mfukoni, akatoa kiti chake sebuleni na kukiweka kando ya gari. Tangu siku hiyo alikula hapo, akasikiliza redio hapo, na mkewe alisemeshwa kupitia kuku. "Kuku," angesema, "chai imepoa."

Fundi Muthama alikuja akasema hiyo ni kazi ndogo, avunje kioo, aunge nyaya, gari liwake. Ndeti akajibu kwamba hataliwasha gari lake kama mwizi. Duka moja la Nairobi lilisema funguo za aina hiyo zimekwisha, labda abadilishe kitasa chote. Ndeti akawaambia kuku kwamba kitasa hakina kosa.

Basi Nzilani akaamua kuutafuta ufunguo mwenyewe. Kitasa cha mlango kilikuwa kimechapwa namba, na Muthama alimweleza kwamba kiwanda kilikuwa kikizirudia namba hizo. Mahali fulani palikuwa na Morris nyingine yenye ufunguo uleule. Nzilani akaikariri namba kama aya ya Biblia, akapanda basi. Alikuwa na hamu ya mumewe, na mumewe alikuwa pale pale nje ya dirisha. Hilo lilimuuma kuliko aibu yenyewe.

Shida ni kwamba sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Katika mji wa Salama, kwenye barabara ya Mombasa, mwenye Morris ya kijani alimkaribisha vizuri, akampa soda, na muda wote hakutoa mkono mfukoni. Mbele zaidi, huko Malili, mzee Muli aliongea naye kupitia dirisha lililofungwa nusu. Wote walikuwa wamesikia habari za yule mama wa Kibwezi anayechoma funguo. Muli alisoma namba ya ufunguo wake kwa sauti, akiwa mbali, na haikuwa yenyewe. Kisha akamuuliza kwa nini anahangaika na barabara ya Mombasa. Mkulima mmoja Mzungu alipokuwa akihama aliuza Morris mbili za kijivu siku moja, moja kwa Ndeti na nyingine kwa Abdulatif wa Kitui. Muli alijua kwa sababu alichelewa kununua siku hiyo, na bado ilimkera.

Nzilani alipanda basi la Kitui moyo ukiwa mzito. Abdulatif, muuza nguo, alikuwa rafiki wa Ndeti tangu ujana, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Habari zilipofika, Ndeti alivaa koti ili aende, na Nzilani akasimama mlangoni. Watu waliookoka, alisema, hawakai kwenye hitima wala hawali chakula chake. Ndeti akavua koti. Sisi majirani tulidhani yamekwisha.

Mwanahamisi, mjane wa Abdulatif, alimpokea Nzilani kwa chai na kaimati. Gari la marehemu lilikuwa uani juu ya mawe, kuku wakitaga ndani. Nzilani alipotaja namba, Mwanahamisi aliingia chumbani akatoka na ufunguo. Ulikuwa umefungwa kwa uzi mwekundu kwenye ncha ya pembe ya paa.

"Pembe ni za paa mmoja," akasema. "Waligawana siku walipogundua funguo zao zinafanana. Walisema mmoja akipoteza wake, atakuja kwa mwenzake."

"Kwa hivyo Baba Syokau alijua uko hapa," Nzilani akasema, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Alijua."

Nzilani akanyoosha mkono. Mwanahamisi hakumpa.

"Sikunyimi, dada. Lakini mwambie aje auchukue mwenyewe. Nyumba anaijua."

Kwa hivyo Nzilani alirudi mikono mitupu, kitu alichokichukia kuliko vyote. Jioni hiyo alibeba kigoda chake akaketi kando ya gari. Mimi nilikuwa naanua nguo. Sikutega sikio, lakini michongoma haizuii sauti.

"Ulijua ufunguo uko wapi," Nzilani akasema.

Ndeti alitafuta kuku wa kumjibia. Kuku walikuwa wameshaingia bandani.

"Nitaingia aje kwa mke wa Abdulatif," akasema mwishowe, "na mimi sikumzika?"

"Ni mimi nilikukataza. Nitamwambia hivyo hapo mlangoni, hata kabla utoe viatu."

Wakaenda, nami nikaachiwa kazi ya kulisha kuku. Nilivyoambiwa, Nzilani alisema maneno yake mlangoni kama alivyoahidi, na Ndeti akalia. Mwanahamisi akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akapakua pilau. Nzilani alikula sahani nzima, akaongezwa, akala.

Waliporudi, nilikuwa kwenye ua wangu. Ufunguo ulizunguka mlangoni bila kukwama. Gari halikuwaka, maana betri ilikuwa imekufa kitambo, na sote tulijua. Ndeti alikaa tu kwenye usukani, pembe ikining'inia karibu na goti lake. Kisha akajinyoosha, akafungua mlango wa upande wa pili kutoka ndani.

"Mama Syokau," akasema, "ingia tukae."

Nzilani akaingia, akafunga mlango.