Mita za Kurudi

Usiku wa jana niliota birika letu la umeme limevaa miwani na linasikiliza rufaa ya mama yangu.

Sikushangaa. Birika lile siku zote lilikuwa na sura ya hakimu. Nilichoshangaa ni jiko letu, ambalo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, jinsi lilivyoingia safu za viti, meza ndefu na kibao kilichoandikwa "Hairuhusiwi kusinzia".

Kabla sijaendelea, nieleze ugomvi wenyewe. Mama yangu ni Bi Mwanahamisi wa Tanga. Alinifuata huku Uingereza baada ya baba kufariki, na magoti yake yamekwisha. Mimi nafanya kazi ya udobi, natoka hakujakucha, narudi giza limeshaingia. Nikamwombea posho ya ulemavu ili apatikane mtu wa kumwogesha na kumshika mkono mchana nisipokuwepo.

Ofisi ikamtuma mkaguzi nyumbani, mimi niko kazini. Mama akamfanyia nini? Alijifunga kanga mpya, akamtilia chai ya tangawizi na bajia alizokaanga tangu alfajiri, amekaa kitako mbele ya jiko. Alipoulizwa hali akasema njema, alhamdulillahi. Nani amweleze mgeni asiyemjua habari za magoti yake? Na mkaguzi alipoinuka, mama naye akainuka, akamsindikiza mpaka kwenye lifti, mwisho wa korido.

Nilimkuta kitandani, na hakutoka siku mbili. "Baridi tu hii," akasema.

Halafu barua ikaja: ombi limekataliwa. Mwombaji alitembea mita ishirini bila msaada, huku akitabasamu. Nilipomsomea, mama akanikazia macho. "Sasa ulitaka nimwache mgeni atoke peke yake kama mwizi?"

Rufaa ilikuwa isikilizwe leo asubuhi, na sikuwa na neno la kuwajibu, maana kutembea alitembea kweli. Nililala nikiliwaza hilo.

Basi niko jikoni. Birika ameketi mbele, mvuke unamtoka kidogo kidogo. Upande wa ofisi amesimama Mwavuli mweusi, amelowa, anachuruzika maji sakafuni wala hajali.

"Kwa mujibu wa kanuni," anasema Birika, "mwombaji atapewa alama. Alama ziletwe."

Friji likafunguka lenyewe, likatoa sahani. Kumbe alama zimekaangwa, tena za moto. Zimo nane, na nane ndizo zinazotakiwa. Mama akanyoosha mkono, akachukua moja, akaila.

"Mama! Hizo ni alama zako!"

"Hazina chumvi," akasema. "Nani kakaanga hizi?"

"Iandikwe kwamba mwombaji anaweza kula," akasema Mwavuli. Sahani ikabaki na saba, nami nikaizungushia mikono yangu yote miwili.

Mwavuli akajifungua kidogo, akajifunga. "Mheshimiwa, kesi hii ni fupi. Mama huyu alitembea mita ishirini."

"Ziko wapi?"

"Zimo kwenye taarifa."

"Siwezi kuhukumu kwa mita nisizoziona," akasema Birika. "Ziitwe zote."

Hapo ukuta wa jikoni ukaondoka, na tuko kwenye korido yetu ya ghorofa ya tano. Mita wanaingia kwa mstari mmoja. Kila mmoja ana kimo cha mita moja, na wote wamevaa makoti ya zulia la kijivu, lilelile linalotuchafulia soksi.

"Shikamoo, mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mmekula?" Akasogeza sahani yangu. Nikairudisha.

Mita wa kwanza akaapishwa. "Mimi ndiye wa mlangoni. Alinipita vizuri. Alikuwa anamuuliza mgeni kama ana watoto."

"Vizuri sana," akasema Mwavuli.

"Kwangu alishika ukuta," akasema wa kumi. "Mkaguzi alikuwa anatazama simu."

"Ukuta si msaada. Ukuta ni ukuta."

"Kwangu alisimama," akasema wa ishirini, aliye chini ya taa ya lifti. "Alisema, karibu tena, mwanangu. Mlango ukafungwa."

"Ishirini!" Mwavuli akajifungua wote, akaturushia maji. "Nimemaliza."

Birika akanigeukia. "Una neno, Shufaa?"

Natafuta kwenye mifuko ya sare yangu ya kazi, napata vibanio vya nguo. Nakiweka kimoja mezani. Birika anakitazama kwa heshima, anakiweka pembeni.

Mita wakaanza kutoka. Ila yule wa ishirini akabaki, anakunjakunja kofia mkononi, kisha akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani, Mheshimiwa. Mmetuuliza ya kwenda tu. Ya kurudi hamtuulizi?"

Wenzake waliokuwa wakitoka wakageuka kumtazama.

"Taarifa haina kurudi," akasema Mwavuli. "Mkaguzi aliingia kwenye lifti akaenda zake."

Birika akavua miwani, akaifuta ukungu. "Kwa hiyo, kwa mujibu wa taarifa, mama huyu bado yuko kwenye lifti?"

Mwavuli akafikiri. "Kwa mujibu wa taarifa, ndiyo."

Nikageuka. Kiti cha mama ni kitupu. Yuko kule mwisho wa korido, mdogo kabisa, amesimama mbele ya lifti na kanga yake mpya, anaupungia mkono mlango uliofungwa.

"Mama! Rudi!"

"Nakuja, mwanangu. Usinisubiri. Wewe kale."

Ah, hapo uchungu ulinipanda. Nataka kukimbia nimfuate, lakini mshenzi Mwavuli ananizuia kwa mpini wake, ati kanuni hairuhusu msaada.

"Mita warudi," akasema Birika, na sauti yake imeanza kuunguruma. "Safari hii tuanzie mwisho."

"Kwangu alisimama mpaka lifti ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi," akasema wa ishirini.

"Kwangu alilia kidogo," akasema aliyefuata. "Akajifuta kwa pindo la kanga, asije akapita mtu akamwona."

"Kwangu aliita jina la marehemu mumewe, kisha akacheka, akasema, we nisubiri tu huko, sijawa tayari."

Yule wa kumi na mbili alikuwa mnene kuliko wenzake. "Mimi ndiye wa kigoda," akasema. "Mzee Bogdan wa mlango wa pembeni alimsikia, akatoka na kigoda cha njano. Kina mguu mmoja mfupi, basi mama akaupachika kipande cha boksi la majani ya chai. Alikaa hapo mpaka watoto wa ghorofa ya juu wakarudi kutoka shule. Na si siku ile peke yake. Kila asubuhi kigoda kinatolewa, na jioni kabla Shufaa hajarudi kinarudishwa ndani. Mama ndiye aliyeomba iwe hivyo."

Nikamtazama mama. Alikuwa anakagua dari.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi? Unarudi miguu imekuvimba, nami nikutwishe yangu?"

"Mficha uchi hazai, Bi Mwanahamisi," akasema Birika kwa upole.

"Mimi nimeshazaa, baba. Si huyo hapo?"

Birika akaanza kuchemka. Akatetemeka, mfuniko ukaruka, mvuke ukajaa korido nzima, na kitufe chake kikajizima: tak! "Rufaa imekubaliwa! Mwenye kwenda bila kurudi hajatembea, amepotea! Na kwa kuwa mama hawezi kuzifuata mita, naamuru mita zimfuate mama."

Mita wakatupa kofia juu. Wakakimbilia lifti, wakakumbatiana, wakabanana, mmoja akaingia ndani ya koti la mwenzake, mpaka korido nzima ikawa hatua moja. Mama akainua mguu, akaushusha, na yuko mlangoni kwetu.

Nikapiga vigelegele ambavyo sijapiga tangu harusi ya binamu yangu. Milango yote ikafunguka. Mzee Bogdan, ambaye maishani mwake hajui Kiswahili zaidi ya "mama", akatoka anaimba kwa lafudhi ya Tanga safi. Mita, kwa kuwa sasa ni mmoja, alicheza peke yake na akaenea korido nzima. Sahani ya alama ikapita mkono kwa mkono, na kila mtu alipokula ilijaa tena, safari hii zina chumvi. Mwavuli akaja kwa aibu, ameshakauka.

"Naomba na mimi moja," akasema.

"Chukua mbili, mwanangu," akasema mama. "Nawe si ulikuwa kazini."

Alikula zote mbili, akashukuru, akasema inabidi arudi ofisini. Na mama, wallahi sijui nimfanye nini mama huyu, akaweka mikono magotini, akaanza kujiinua.

"Ngoja nikusindikize."

"KAA!" tukasema sote, Birika, Mita, Mzee Bogdan na Mwavuli mwenyewe.

Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha. Kumekucha. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya rufaa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuhamie jengo hili, jua lilinikuta kitandani. Jikoni birika limetulia, halina miwani. Nikajicheka.

Hata hivyo nilifungua mlango wa nje, peku, na gauni la kulalia.

Korido ilikuwa tupu, zulia lilelile. Lakini pembeni ya mlango wa Mzee Bogdan palikuwa na kigoda cha plastiki cha njano. Nikakisogelea taratibu. Nikainama. Chini ya mguu mmoja kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa, na juu yake maandishi ya majani ya chai yetu, yale mama anayoletewa kutoka Tanga, ambayo jengo zima hili hayupo mwingine anayeyanywa.

Nikakibeba kigoda kifuani, nikapiga hodi kwa Mzee Bogdan kwa kiwiko, aje awe shahidi kwenye rufaa. Ndani nikasikia akitafuta viatu.

Nyuma yangu mlango wetu ukalia. Mama alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili, kanga imemkaa upande.

"We Shufaa, wakipeleka wapi hicho? Nami nikitoka, kurudi nitakaa wapi?"

Machozi yalinitoka na kicheko kwa pamoja.

"Hayohayo, mama," nikamwambia. "Leo ukifika kule, wakikuuliza hali, wajibu maneno hayohayo."