Chaji Inayopotea Uani

Kibokoni nzima hakuna mwanamke mwenye magari mawili ya umeme ila Mwanakhamis. Ndivyo alivyowaambia wageni waliokuja kumpa mkono wa tanzia, nao wakasema mashaallah. Kisha akaona haya kidogo, akaongeza kwamba moja ni la mwanawe Fuad, la pili ni la marehemu mumewe, na yeye mwenyewe hata mkokoteni hajapata kuusukuma.

Lakini kulinganisha alijua. La Fuad lilikuwa jipya na pana, lina kioo cha kubonyeza kikubwa kama sinia ya pilau, na lilikwenda Malindi likarudi bila kuomba chaji. Ila vichochoro vya Mji wa Kale vililishinda, likawa linalala barabarani kama mgeni asiyekaribishwa, na mlango haufunguki mpaka simu ya Fuad itoe amri. La Athmani lilikuwa dogo, kuukuu, limetumika Japani likachokwa. Safari mbili za hapo Ganjoni, hoi. Lakini lilikunja vioo vyake kama paka akunjavyo masikio, likapenya kichochoro, likaingia uani na kunywa umeme kwa waya wa dirisha la jikoni. Na kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea pale alipokaa Athmani miaka sita. Kiti cha lile jipya kilikuwa bado hakijamjua mtu.

Athmani alipokufa, Mwanakhamis aliingia eda: miezi minne na siku kumi, hatoki nje, haonani na wanaume wa kando. Fuad alikuwa akija kutoka Tudor kila Ijumaa kulijaza gari la babake. Kila Ijumaa alilikuta karibu tupu, na halijasogea hata shubiri. Akasema betri imekwisha, liuzwe kabla halijawa bati.

Chaji ilikokwenda, Mwanakhamis alikujua. Kila siku baada ya alasiri aliingia garini, akakaa kiti cha kushoto, kiti chake cha siku zote, akafungulia baridi na kaswida alizopenda mumewe. Akamsimulia mchuzi ulivyoungua na jirani alivyonuna. Athmani alikuwa msikilizaji mzuri hata alipokuwa hai, kwa kuwa hakupewa nafasi ya kusema. Sasa kimya chake kilizidi. Baadhi ya siku Mwanakhamis alikiegemea kile kiti kitupu mpaka adhana ya magharibi. Kumwambia Fuad hayo angeanzia wapi? Kwamba mamake, mjane mzima, huzungumza na gari?

Ijumaa ile Fuad alikuja na mnunuzi, Kyalo, karani wa bandarini Kilindini, aliyetaka gari la safari fupi. Mwanakhamis alisimama nyuma ya pazia la jikoni, akatoa sauti ya mgonjwa.

"Lina maradhi hilo, mwanangu. Ijumaa lajazwa, Jumatatu li tupu. Litakutupa njiani, uje unilaani bure."

Kyalo alishukuru kwa kuonywa, lakini akaingia, akaliwasha. Baridi ikamvuma usoni, na kaswida ikaanza katikati. Akabonyezabonyeza, akasoma taarifa za gari kitambo.

"Betri haina shida," akamwambia Fuad. "Kilomita sifuri tangu lijazwe, na umeme wote umeliwa na baridi. Kuna mtu hukaa humu ndani."

Fuad aligeukia pazia. "Mama, ni wewe?"

"Mimi? Na eda hii? Tangu babako kufa sijaligusa. Labda ni paka."

Kyalo aliinama kutazama viatu vyake. Fuad akapitisha mkono kando ya kiti cha kushoto, akatoa miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi mweusi. Akaja nayo mpaka dirishani, akaipenyeza chini ya pazia.

"Na hii?"

Mwanakhamis aliitazama. Wiki mbili bila hiyo alikuwa akisoma Yasini kwa kukisia.

"Ya babako," akasema.

Nyuma ya Fuad kaswida ilikuwa bado inaimba katika gari lisilo mtu.

"Baba hakupata kuvaa miwani, mama."